Mtawa kando ya bahari

Mtawa kando ya bahari (kwa Kijerumani: *Der Mönch am Meer*) ni mchoro wa rangi za mafuta kwenye turubai uliochorwa na Mjerumani Caspar David Friedrich kati ya miaka 1808 na 1810. Una kimo cha sentimita 110 na upana wa sentimita 171.5. Leo unatunzwa katika Alte Nationalgalerie, jumba la makumbusho ya sanaa mjini Berlin, Ujerumani.

Mchoro unaonyesha mtu mmoja mdogo aliyesimama ufukoni, akiwa ameupa mgongo upande wa mtazamaji, mbele ya bahari nyeusi na chini ya anga kubwa lenye mawingu. Hakuna kingine isipokuwa ndege wachache. Kutokana na uchache huo wa vitu, mchoro huu huhesabiwa kati ya kazi zilizobadilisha namna ya kupanga picha za mandhari barani Ulaya, na ni mojawapo ya kazi mashuhuri za mkondo wa ulimbwende katika uchoraji. Uchunguzi wa kitaalamu umeonyesha kwamba utupu wake ulifikiwa hatua kwa hatua: mchoraji alianza na vitu vingi zaidi, kisha akaviondoa.

## Mchoraji na wakati wake

Caspar David Friedrich alizaliwa tarehe 5 Septemba 1774 mjini Greifswald, bandari ndogo kwenye pwani ya Bahari ya Baltiki. Wakati ule eneo hilo la Pomerania lilikuwa chini ya ufalme wa Uswidi. Baba yake alikuwa mtengenezaji wa mishumaa na sabuni, na familia ilifuata imani ya Kilutheri. Mama yake alifariki mwaka 1781, na mwaka 1787 ndugu yake alikufa maji baada ya barafu kuvunjika.

Friedrich alisoma katika Chuo cha Sanaa cha Copenhagen, Denmark, kuanzia mwaka 1794. Mwaka 1798 alihamia Dresden, mji mkuu wa Saksonia, akaishi huko hadi kifo chake tarehe 7 Mei 1840. Hata hivyo aliendelea kurudi kwenye pwani ya nyumbani, hasa kisiwa cha Rügen, ambako alichora kwa penseli fuko, miamba, mashua na miti. Hakuwa na kawaida ya kuchora kwa rangi za mafuta nje. Alikusanya michoro ya penseli katika safari zake, kisha ndani ya chumba chake cha kazi akachagua vipande vyake na kuvipanga upya. Kwa hiyo mandhari yake mengi si nakala ya mahali fulani, hata pale ambapo kila mti na kila jiwe limetoka katika mchoro wa kweli.

Rafiki yake, mchoraji Georg Friedrich Kersting, alimchora akiwa kazini mwaka 1811. Chumba kinachoonekana katika picha hiyo hakina pambo lolote, na ukutani vimetundikwa vifaa vya kazi tu, ikiwemo rula. Vifaa hivyo vinalingana na jinsi Friedrich alivyofanya kazi: alipenda mistari iliyonyooka, pande zinazolingana na vipimo vilivyofikiriwa kabla ya rangi kuwekwa.

Miaka ambayo mchoro ulitengenezwa ilikuwa migumu. Mwaka 1806 majeshi ya Napoleon yaliishinda Prussia katika mapigano ya Jena na Auerstedt, na sehemu kubwa ya nchi za Kijerumani ikawa chini ya Ufaransa. Friedrich aliuchukia utawala huo. Pia mwaka 1809 alikuwa katikati ya mabishano makali kuhusu sanaa. Mkosoaji Basilius von Ramdohr alishambulia mchoro wake *Msalaba mlimani*, akisema haifai picha ya mandhari kuchukua nafasi ya picha ya altare. Wakati mabishano hayo yakiendelea, picha ya mtawa ilikuwa tayari kwenye egemeo lake.

## Yanayoonekana katika picha

Sehemu ya chini inaonyesha ufuko wa mchanga mweupe wenye majani machache. Ufuko huo unapanda kidogo kutoka pembeni na kufanya ncha butu upande wa kushoto wa picha. Karibu na ncha hiyo amesimama mtawa. Amevaa kanzu ndefu nyeusi, kichwa chake hakijafunikwa, na mkono mmoja ameupeleka kidevuni kama mtu anayetafakari. Uso wake haumkabili mtazamaji.

Nyuma yake ni bahari, mkanda mwembamba wenye rangi karibu na nyeusi pamoja na dalili za kijani na buluu. Mapovu machache meupe yanaonyesha kuwa kuna upepo, lakini si dhoruba. Shakwe wanaruka karibu na ufuko na juu ya maji, wakiwa madoa madogo meupe yanayofanana na mapovu yenyewe.

Zaidi ya robo tatu ya turubai ni anga. Karibu na maji kuna ukungu mzito au wingu la rangi ya kijivu na buluu iliyokolea, kiasi kwamba ni vigumu kusema bahari inaishia wapi na hewa inaanzia wapi. Juu zaidi mawingu yanakuwa mepesi, yanakatika, na sehemu ya juu kabisa inaonekana buluu na mwanga. Hakuna jua wala mwezi. Saa ya siku haiwezi kujulikana kwa hakika: huenda ni alfajiri, huenda ni jioni.

## Mpangilio wa picha

### Mikanda mitatu

Picha imejengwa kwa mikanda mitatu inayolala kutoka ukingo hadi ukingo: mchanga, maji na hewa. Mikanda hii haifanani kwa ukubwa. Mchanga na maji vimebanwa chini, na hewa imeachiwa nafasi iliyobaki. Kwa kuwa upana wa turubai unazidi sana kimo chake, mistari ya kulala inapata nguvu zaidi, na jicho huvutwa kushoto na kulia badala ya kwenda ndani.

Upeo wa macho, yaani mstari ambapo bahari na anga hukutana, umewekwa chini sana na umenyooka bila kukatwa na chochote. Hakuna kisiwa, rasi, mlingoti wala tanga linalouvuka. Mstari wa ufuko peke yake ndio wenye mteremko, na mteremko huo mdogo unatosha kuonyesha ukali wa mstari ulionyooka ulio juu yake.

### Kukosekana kwa pande

Ili kuona jinsi mpangilio huu ulivyokuwa mgeni, inafaa kukumbuka kanuni iliyokuwa ikifuatwa. Tangu karne ya 17 wachoraji wengi wa mandhari walifuata mfano wa Claude Lorrain, Mfaransa aliyefanya kazi Roma. Katika mfano huo miti mikubwa au majengo husimama pembeni kama nguzo za mlango, sehemu ya mbele huwa na kivuli, katikati hupita mto au njia, na mwanga huwa mbali karibu na upeo wa macho. Mtazamaji huongozwa hatua kwa hatua: kwanza mbele, kisha katikati, kisha mbali. Wachoraji wa Uholanzi waliochora bahari nao walikuwa na desturi yao. Waliweka upeo wa macho chini na kuacha anga kubwa, lakini walijaza maji kwa merikebu za ukubwa mbalimbali, na ukubwa huo unaopungua ulionyesha umbali.

Friedrich alichukua upeo wa chini wa Waholanzi akaacha merikebu. Pande zote mbili za picha ziko wazi, kana kwamba mchanga, maji na hewa vinaendelea nje ya fremu bila mwisho. Hakuna njia inayopinda kuelekea ndani. Hakuna hatua ya katikati: mara baada ya ufuko ni maji, na mara baada ya maji ni hewa isiyo na kipimo. Jicho linalotafuta mahali pa kupumzika halipati, isipokuwa kwa yule mtu aliyesimama.

### Mtu aliyesimama

Mtawa ndiye kitu pekee kilichosimama wima katika picha nzima. Kwa sababu hiyo, ingawa ni mdogo sana, huonekana mara moja. Mstari mfupi wa mwili wake unakutana na mistari mirefu ya ufuko na bahari, na mkutano huo ndio kitovu cha mpangilio. Friedrich hakumweka katikati bali upande wa kushoto, hivyo upande wa kulia umebaki mtupu kwa upana mkubwa. Ncha ya mchanga iliyo karibu na miguu yake humpa msingi, lakini pia humpeleka ukingoni: hana mahali pa kuendelea.

Jambo lingine muhimu ni kwamba kichwa chake hakivuki upeo wa macho. Mwili wake mweusi uko mbele ya maji meusi na unakaribia kumezwa nayo. Laiti kichwa kingefika angani, kingeonekana kwa uwazi dhidi ya mwanga na mtu angeonekana mkubwa. Kwa kumweka chini ya mstari huo, mchoraji alimfungia ndani ya dunia ya mchanga na maji huku anga likibaki juu yake bila kuguswa.

Tofauti inaonekana wazi mtu akiilinganisha picha hii na *Msafiri juu ya bahari ya ukungu*, ambayo Friedrich aliichora takriban mwaka 1818 na ambayo leo iko Hamburg. Huko pia mtu ametoa mgongo, lakini yuko katikati, juu ya mwamba, na kichwa chake kiko juu ya upeo. Msafiri anatawala mandhari. Mtawa hatawali kitu.

Watu wanaoonekana kwa mgongo ni alama ya kazi nyingi za Friedrich. Kazi yao katika mpangilio ni mbili. Kwanza hutoa kipimo, kwa kuwa mtazamaji anaujua ukubwa wa mwili wa binadamu na kwa huo hukadiria ukubwa wa vingine. Pili humweka mtazamaji nyuma yao, akitazama kile wanachokitazama. Katika *Mtawa kando ya bahari* kazi hizo zote mbili zinafanyika, ila jibu lake ni gumu: kipimo kinaonyesha kwamba anga halipimiki, na kile anachokitazama mtawa hakina umbo.

### Mahali pa mtazamaji

Katika picha ya kawaida ya mandhari, sehemu ya mbele humpa mtazamaji mahali pa kusimama kwa mawazo, kama jiwe, kingo ya barabara au kivuli cha mti. Hapa mchanga unaanzia kwenye ukingo wa chini wa turubai na kupanda bila kueleza mtazamaji yuko umbali gani. Mtawa anaweza kudhaniwa kuwa yuko karibu au mbali. Upeo wa macho ulio juu ya kichwa chake unaonyesha pia kwamba jicho la mtazamaji liko juu kuliko jicho lake, ingawa hakuna kilima kinachoelezwa. Kwa hiyo mtazamaji anabaki kana kwamba anaelea.

### Rangi na mwanga

Rangi ni chache: nyeupe na kahawia hafifu ya mchanga, nyeusi yenye kijani ya maji, na ngazi ndefu za kijivu na buluu katika anga. Tofauti kubwa kabisa ya mwanga na giza iko chini, pale ufuko mweupe unapokutana na bahari nyeusi, na hapo ndipo mtawa alipo. Juu yake tofauti hulegea. Giza la ukungu hupanda polepole hadi mwangani bila mpaka unaoonekana.

Friedrich alifikia hali hii kwa kuweka tabaka nyingi nyembamba za rangi, moja juu ya nyingine, pamoja na vidoa vidogo sana. Kwa njia hiyo anga halionekani kama ukuta uliopakwa bali kama hewa yenye kina. Kwa kuwa hakuna jua wala mwezi, mwanga hauna chanzo, na hivyo haumwelekezi mtazamaji upande wowote. Mwendo pekee unaobaki ni ule wa kutoka chini kwenda juu, kutoka gizani kwenda kwenye buluu.

## Mabadiliko wakati wa kuchora

Mchoro haukuwa hivi tangu mwanzo. Uchunguzi kwa mionzi ya infraredi umeonyesha mistari ya merikebu zenye matanga chini ya rangi, pande mbili za mtawa. Friedrich alizichora kwenye bahari, kisha akazifunika. Laiti zingebaki, zingetenda kazi ambazo merikebu hutenda katika kila picha ya bahari: zingekata upeo wa macho kwa milingoti yao, zingeonyesha umbali, zingempa mtawa kitu cha kutazama na pengine hadithi, kwa mfano mtu anayesubiri au anayeaga.

Ushahidi mwingine unatoka kwa watu walioiona picha ikiwa bado haijakamilika. Kwa kuwa Friedrich aliifanyia kazi kwa takriban miaka miwili, wageni kadhaa waliofika katika chumba chake mjini Dresden waliiona katika hatua tofauti. Maelezo yao kuhusu anga hayalingani na picha ya leo, jambo linaloonyesha kwamba mwanga wa anga ulibadilishwa zaidi ya mara moja. Mmoja wa wageni hao alikuwa Marie Helene von Kügelgen, mke wa mchoraji Gerhard von Kügelgen. Aliiona mwaka 1809 na katika barua akamlalamikia rafiki yake kwamba picha ile haikumpendeza. Alitaja kimoja baada ya kingine vitu alivyovikosa: hakukuwa na jua, mwezi wala dhoruba, na hata mashua moja ya kumliwaza mtazamaji haikuwapo.

Malalamiko hayo yana thamani kwa watafiti, kwa sababu yanaonyesha mtazamaji wa wakati ule alitarajia nini. Yanaonyesha pia kwamba mwaka 1809 merikebu zilikuwa zimekwisha kuondolewa. Friedrich hakuzirudisha.

## Picha pacha

*Mtawa kando ya bahari* ina mwenzake, *Abasia katika msitu wa mialoni* (kwa Kijerumani: *Abtei im Eichwald*), iliyochorwa mwaka 1809 na 1810 kwa ukubwa unaokaribia kuwa sawa. Inaonyesha magofu ya kanisa la mtindo wa Gothiki katikati ya mialoni isiyo na majani wakati wa baridi. Ukuta wa magofu unatokana na abasia ya Eldena karibu na Greifswald, ambayo Friedrich aliichora mara nyingi. Chini, katika theluji na giza, watawa wanabeba jeneza kuelekea kwenye lango.

Mpangilio wa picha hizi mbili unajibizana. Zote zimegawanywa kwa mlalo kati ya sehemu ya chini yenye giza na anga lenye mwanga. Katika ya kwanza hakuna mistari ya wima ila mtu mmoja, na katika ya pili mistari ya wima ni mingi: vigogo, ukuta, misalaba ya makaburi. Ya kwanza haina kitovu kilicho katikati, ya pili imejengwa kuzunguka dirisha kubwa la gofu lililosimama katikati kabisa. Katika ya kwanza mtawa mmoja yu hai mbele ya utupu, na katika ya pili watawa wengi wanamzika mmoja wao. Baadhi ya wataalamu wamezisoma picha hizi kama hadithi moja, ambamo mtu anayetafakari ufukoni ndiye anayezikwa baadaye, ingawa Friedrich hakuziandikia maelezo ya namna hiyo.

## Mapokezi

Picha zote mbili zilionyeshwa pamoja katika maonyesho ya Chuo cha Sanaa cha Berlin mwaka 1810. Zilizua mazungumzo mengi. Waandishi Clemens Brentano na Achim von Arnim walitunga makala kuhusu picha ya mtawa, ambayo sehemu yake kubwa ilikuwa mazungumzo ya kuchekesha kati ya watazamaji waliosimama mbele yake na kushindwa kuielewa. Waliipeleka kwa Heinrich von Kleist, mhariri wa gazeti la *Berliner Abendblätter*.

Kleist aliyaondoa mazungumzo, akabakiza sehemu ya mwanzo na kuongeza mawazo yake mwenyewe, kisha akaichapisha tarehe 13 Oktoba 1810. Brentano na Arnim walikasirika, na Kleist akalazimika kutoa maelezo gazetini. Hata hivyo nyongeza yake ndiyo iliyopata umaarufu kuliko maandishi mengine yote kuhusu mchoro huu. Alisema kwamba kwa kuwa picha haina sehemu ya mbele isipokuwa fremu, anayeitazama huhisi kama mtu aliyekatwa kope na hawezi tena kufumba macho. Maneno hayo makali yanahusu moja kwa moja mpangilio: Kleist alitambua kwamba kuondolewa kwa pande na sehemu ya mbele kunamnyima mtazamaji kinga yake.

Mfalme Friedrich Wilhelm III wa Prussia alizinunua picha zote mbili kwa ombi la mwanawe, mrithi wa ufalme, aliyekuwa na umri wa takriban miaka 15. Mwaka huohuo Friedrich alichaguliwa kuwa mwanachama wa Chuo cha Sanaa cha Berlin. Kwa mchoraji aliyekuwa ametoka katika mabishano ya *Msalaba mlimani*, hayo yalikuwa mafanikio makubwa.

## Tafsiri

Maana ya mchoro imejadiliwa kwa zaidi ya miaka 200. Tafsiri kuu ni hizi:

* Ya kidini. Friedrich alikuwa Mkristo wa Kilutheri aliyeona maumbile kuwa kazi ya Mungu. Katika maelezo aliyoandika mwenyewe kuhusu picha hii alisisitiza kwamba binadamu hawezi kufumbua siri ya ng'ambo ya kaburi hata akiiwaza mchana kutwa. Kwa mtazamo huu, anga lisilo na umbo ni ishara ya kile ambacho akili haikifikii, na mwanga wa juu ni tumaini.
* Ya adhama. Katika karne ya 18 wanafalsafa Edmund Burke na Immanuel Kant waliandika kuhusu hisia inayompata binadamu mbele ya vitu vikubwa mno, kama bahari, milima au dhoruba, ambamo hofu na heshima huchanganyika. Wachoraji wengi walitafuta hisia hiyo kwa maporomoko na radi. Friedrich aliitafuta kwa utulivu na utupu.
* Ya kisiasa. Wengine wanaiona picha kuwa ya nchi iliyoshindwa, ambamo raia anatazama upeo usio na ahadi.
* Ya kibinafsi. Kuna wataalamu wanaosema mtawa ni Friedrich mwenyewe, kutokana na umbo la kichwa na nywele zake. Mtu huyo pia huitwa Mkapuchini, jina lililotumiwa na Brentano na Arnim, lakini mavazi yake hayatoshi kuthibitisha shirika lake.

Tafsiri hizi hazipingani lazima. Zote zinategemea jambo moja la kimpangilio, kwamba mchoraji hakuweka ndani ya picha kitu ambacho kingechagua kati yao. Merikebu ingeifanya picha kuwa ya safari, msalaba ungeifanya kuwa ya ibada, na dhoruba ingeifanya kuwa ya hatari.

## Hifadhi na ukarabati

Kwa muda mrefu rangi za mchoro zilikuwa zimefichwa na vanishi iliyogeuka njano pamoja na rangi zilizoongezwa na mafundi wa zamani. Anga lilionekana zito na la kahawia kuliko lilivyokusudiwa, na hivyo maandishi mengi ya karne ya 20 yanaeleza picha yenye giza zaidi.

Kati ya miaka 2013 na 2016 Alte Nationalgalerie ilikarabati *Mtawa kando ya bahari* na *Abasia katika msitu wa mialoni*. Vanishi ya zamani iliondolewa, na buluu ya sehemu ya juu ya anga ikaonekana tena. Kwa mpangilio wa picha hili lilikuwa jambo kubwa: mpando wa mwanga kutoka ukungu wa chini hadi juu, ambao ndio mwendo mkuu wa picha, ulirudi kuonekana wazi. Mwaka 2016 picha hizo zilionyeshwa tena kwa umma.

## Athari

Friedrich alisahauliwa na wengi katika miaka yake ya mwisho na baada ya kifo chake. Maonyesho makubwa ya sanaa ya Kijerumani yaliyofanyika Berlin mwaka 1906 ndiyo yaliyomrudisha mbele ya umma, na tangu hapo *Mtawa kando ya bahari* imekuwa ikitajwa mara kwa mara kama mwanzo wa njia mpya.

Mwanahistoria wa sanaa Robert Rosenblum, katika makala ya mwaka 1961 na kitabu cha mwaka 1975, aliilinganisha na kazi za mchoraji wa Marekani Mark Rothko, ambazo zina mikanda mipana ya rangi isiyo na umbo la kitu chochote. Kwa maelezo yake, mbele ya turubai la Rothko mtazamaji mwenyewe anachukua nafasi ya mtawa. Ulinganisho huo umepata wafuasi na wapinzani. Wapinzani wanakumbusha kwamba picha ya Friedrich bado ina mchanga, maji, ndege na mtu, na kwamba nguvu yake inatokana na mtu huyo kubaki pale baada ya vingine kuondolewa.

Mwaka 2024, miaka 250 tangu Friedrich azaliwe, maonyesho makubwa ya kazi zake yalifanyika Ujerumani, yakiwemo ya Hamburg, Berlin na Dresden.